Kiti cha Kuwambwa: Shajara ya Baiskeli Yangu

4 Februari

Leo nimevuka Daraja la Nyali nikiwa nimesimama juu ya pedali. Si mbwembwe, ni makalio yaliyokataa kukaa. Kutoka nyumbani Bombolulu hadi ofisini kwetu, karibu na Ndia Kuu hapa Mombasa, ni kama kilomita 7, na kwa miezi mitatu sasa kila nikifika darajani ganzi huanza chini kabisa, mahali ambapo mtu mzima hawezi kujikuna barabarani mbele ya matatu. Nikishuka ofisini natembea kama kijana aliyetoka jandoni juzi. Bawabu hunicheka, na simlaumu.

Baiskeli yenyewe haina kosa. Ni ya mtumba, ilishuka bandarini ndani ya kontena, fremu ya chuma, usukani wa juu unaonifanya nikae wima kama karani wa zamani. Kosa ni kiti. Kile kilichokuja nayo kilikuwa kimechanika, nikakitupa, nikanunua kipya cha jeli: kinene, cheusi, ukikibonyeza chabonyea kama andazi la moto. Dukani nilikibonyeza kwa kidole gumba nikaona nimefika. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Wiki ya tatu nikaanza kutafuta visingizio vya kupanda tuktuk.

Mke wangu asema ninunue gari. Mimi nimeamua kuandika shajara, ambayo ni rahisi kidogo.

6 Februari

Nimempelekea baiskeli fundi wangu wa Mwembe Tayari. Hakuipanda. Alikibonyeza kiti kwa ngumi, akaniangalia.

"Bwana, wewe wataka kiti ama wataka godoro?"

Nikamwambia nataka kisichouma.

"Basi. Godoro ni la kulalia. Mtu akilikalia adidimia, na pale kati pakapanda juu pakamkuta. Hapo ndipo wapata ganzi. Mifupa yako yazama, nyama yako ndiyo yabeba mzigo. Nyama haikuumbwa kubeba."

Nilikuwa sijawahi kuelezwa jambo hili, na nimelipia viti viwili vya jeli katika maisha yangu. Akanionyesha baiskeli ya muuza madafu iliyokuwa imeegemezwa ukutani ikingoja kuzibwa tyubu: moja ya zile nzito za chuma tunazoziita Black Mamba, breki za fito, karia pana nyuma, matumba ya katani mawili yananing'inia. Kiti chake ni cha ngozi. Rangi yake ya kwanza huwezi kuijua tena. Sasa ni ya kahawa iliyochemshwa mara tatu, na pale juu pana vishimo viwili vinavyong'aa kama goti la mzee anayeswali sana. Kingo za chini zimekunjamana. Nyuma springi mbili zenye kutu. Nikainama nikachungulia chini, nikaona mbingu: ndani hamna kitu. Hakuna sponji, hakuna plastiki, ni kipande kimoja cha ngozi nene kilichopigwa ribiti kwenye chuma cha nyuma na kwenye pua ya mbele, kikavutwa.

"Hicho hakikushindiliwa," fundi akasema. "Kimewambwa."

Neno hilo nimeondoka nalo. Kuwambwa: kama ngoma, kama kitanda cha kamba. Nyanya yangu Kibokoni alilalia kitanda cha kamba mpaka miaka ya mwisho, na tulipomletea godoro la sponji alilalamika mgongo. Sisi tukadhani ni ukaidi.

9 Februari

Kupima mifupa. Hili ni jambo la dakika tano, na hakuna duka hata moja lililowahi kuniambia nilifanye.

Nilichukua kipande cha katoni, ile yenye mawimbi katikati, nikakiweka juu ya baraza ya saruji nje ya nyumba. Nikakaa juu yake na suruali nyepesi, nikainua magoti kidogo kwa kuweka miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikajivuta chini kwa mikono nikahesabu hadi thelathini. Majirani walipita. Mmoja akasalimu akauliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba ndilo swali lenyewe.

Nilipoondoka, katoni ilikuwa na vishimo viwili, si vya wazi sana. Nikavipaka unga wa chaki vikaonekana. Kutoka kitovu cha kimoja hadi kitovu cha kingine: milimita 128. Nikarudia mara mbili. 126, halafu 129. Basi 128.

Huo ndio upana wa mifupa ya kukalia, na kila mtu na wake. Unene wa mwili hauhusiani. Shemeji yangu ni mwembamba kama ufito lakini mwembamba anaweza kuwa na mifupa mipana, na bonge akawa na ya karibu karibu. Jambo la pili ni namna unavyokaa. Anayeinama mbele kama wa mashindano hugusa kiti kwa sehemu nyembamba zaidi, kwa hiyo kiti chembamba humtosha. Anayekaa wima kama mimi huteremsha uzito wote nyuma, na huyo anahitaji upana.

13 Februari

Siku nne hizi nimesoma mpaka macho yameniwasha.

Jina linalotajwa kwanza kila mahali ni Brooks wa Uingereza. John Boultbee Brooks alianza biashara yake Birmingham mwaka 1866, akishona vifaa vya ngozi vya farasi. Kampuni yenyewe husimulia kwamba mwaka 1878 farasi wake alikufa, naye hakuwa na uwezo wa kununua mwingine, akaazima baiskeli ya kwendea kazini. Kiti kilimtesa hata akaapa kutengeneza bora kuliko hicho, na hataza akaipata 1882. Nimefurahi kwamba chanzo cha yote ni makalio ya bwana mmoja yaliyouma njiani kwenda kazini. Viti hivyo bado hutengenezwa Smethwick, pembeni mwa Birmingham, ingawa mwaka 2002 kampuni ilinunuliwa na Selle Royal ya Italia. Wapo na wengine, kama Gilles Berthoud wa Ufaransa, lakini kwa soko letu la mitumba ni bahati kukutana nao.

Kilichonisaidia zaidi ni kuelewa namba za viti vya Brooks. B17 ndicho maarufu, kipo tangu karne ya kumi na tisa: upana wa nyuma kama milimita 175, hakina springi, uzito kama nusu kilo. B67 ni kipana, kama milimita 210, springi mbili nyuma, na uzito unakaribia kilo. B66 ni pacha wake, tofauti iko chini: B66 kina vyuma vinne vya kushikia, B67 kina viwili. Hili si dogo. Paipu ya kiti changu ina klampu ya kisasa yenye mifereji miwili. Cha vyuma vinne hakiingii ng'o, labda ununue na paipu ya zamani iliyonyooka na klipu yake. Fundi amenionya: watu huja kwake na kiti mkononi wakidhani ni suala la nguvu.

Na kuna hesabu iliyojificha ndani ya upana. Kiti cha sponji cha milimita 175 waweza kukikalia chote. Cha ngozi kina chuma kikali nyuma na vichwa vya ribiti pembezoni. Mifupa ikiangukia pale, umekalia chuma. Upana unaokufaa ni ule wa ngozi iliyo katikati tu. Kwa hiyo 175 si 175.

17 Februari

Nimejaribu badala ya kubahatisha. Kijana wa ofisi ya chini, ambaye Jumamosi hupiga baiskeli na wenzake hadi Mtwapa wakiwa wameinama kama wanatafuta sindano, ana B17 ya miaka sita. Aliniazima kwa siku mbili.

Kwake ni pepo. Kwangu, nikiinama hadi mikono inyooke, kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia, kigumu lakini kimetulia. Nikikaa wima, navyokaa siku zote, mifupa ilikwenda nyuma ikakutana na ule ukingo wa chuma. Kulia hasa. Nilipofika Kongowea nilijua jibu. B17 ni kiti kizuri cha mtu mwingine.

20 Februari

Nimeliwa.

Duka moja mjini, nisilitaje, lilikuwa na kiti "cha ngozi halisi, cha zamani, springi mbili", shilingi 3,800. Kilikuwa na rangi nzuri ya tende, na ribiti zinang'aa. Nilikuwa na haraka ya kurudi ofisini na jua la kaskazi lilikuwa limenichoma utosi. Nikalipa.

Nyumbani nikakipindua, jambo ambalo ningepaswa kulifanya dukani. Chini ni plastiki nyeusi, juu yake sponji, juu ya sponji ngozi ya bandia nyembamba kama ganda la kitabu. Ribiti ni urembo, zimegandishwa. Nimerudi kesho yake nikaambiwa bidhaa ikiuzwa imeuzwa.

Naandika hapa ili nisisahau: kiti cha kuwambwa kikaguliwe chini kwanza. Tumbo la ngozi halisi lina vinyweleo vya kukwaruza kama upande wa ndani wa mkanda mzuri, na ukingo wake ukiutazama kwa ubavu una unene wa milimita kadhaa za kitu kimoja, si tabaka. Ribiti za kweli zimetoboa hadi upande wa pili. Na chini ya pua lazima pawe na bolti na nati ya kuvutia ngozi. Hakuna bolti, hakuna kuwambwa.

27 Februari

Nimekipata. Kwa muuza baiskeli za mtumba kule Changamwe, juu ya baiskeli ya kike kutoka Uholanzi iliyovunjika fremu. B67, jina limegongwa ubavuni, limefifia lakini lasomeka. Kikavu kama pweza wa kuanikwa.

Nilikaa nacho nusu saa chini ya mwembe kabla ya kutaja bei. Nikakipindua. Vyuma viwili, vimenyooka, springi zina kutu ya juu tu. Ribiti zote zipo. Ngozi ina mikwaruzo na ukavu, lakini nilipoikunja kidogo kwa vidole, mipasuko haikuzama. Mpasuko uliopita unene wote hauna tiba, huo ni wa kuwaachia mbuzi. Nikatazama bolti ya pua: nati ilikuwa karibu na mwanzo wa uzi, maana yake hakikuwahi kuvutwa sana, nafasi ya kuvuta ingalipo. Jambo moja halikunipendeza, kingo za chini zilikuwa zimefunguka kwa nje kama masikio ya ndovu. Nalo nikalitumia kwenye bei.

Alianza 6,000. Nikamwonyesha masikio. Tukamaliza 3,500, na kengele juu yake. Kipya, hata kabla ya ushuru na nauli, ni zaidi ya elfu kumi.

Machi, Ramadhani

Baiskeli imelala mchana. Nikiwa na saumu sina ubavu wa Daraja la Nyali saa nane. Kazi imekuwa ya usiku, baada ya tarawehe, nimekaa uani na kiti mapajani kama mtu anayebembeleza mtoto.

Swali la mafuta lilizua baraza. Ami yangu, aliyekula chumvi nyingi baharini, alikuja futari akakiona. "Hicho chataka sifa," akasema. Sifa ni yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazini ili mbao zisipasuke. Ami aiamini sifa kwa kila kitu. Nadhani angeweza kuniandikia hata kwa mafua. Mke wangu aliposikia akatoka jikoni na mwiko: sifa haitaingia nyumba hii, harufu yake haitoki mpaka Idi ya mwaka ujao.

Nilisoma kwamba mafuta rasmi ya Brooks, yanayoitwa Proofide, yana shahamu na mafuta ya samaki ndani yake. Nilipomwambia, Ami aliegemea ukuta akacheka mpaka kikombe kikamwagika. "Wazungu wametufuata," akasema.

Hata hivyo sikutumia sifa. Mafuta ya maji maji, yawe ya papa, ya nazi au ya simsim, huingia ngozini yote kwa pamoja na kuilegeza, na ngozi iliyolegea haiwambiki. Nimekwenda kwa fundi wa makubadhi, Mji wa Kale, nikamweleza bila kutaja baiskeli, nikasema tu nina ngozi nene iliyokauka nataka ipate uhai bila kulainika. Akanipa kibonge cha shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa na nta ya nyuki. "Kidogo," akasema. "Waipaka kama mwenye deni."

Nimepaka kama mwenye deni. Juu mara mbili, chini mara moja kwa sababu ya ukavu, nikaacha usiku kucha, asubuhi nikafuta kwa kitambaa. Ngozi ilinywa ile ya kwanza kabla sijamaliza kahawa. Rangi ya tende imerudi, safari hii ya kweli.

2 Aprili

Kufunga. Nilidhani ni kazi ya spana moja.

Urefu ulikuwa rahisi: kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke; kisha ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakunjika kidogo lenyewe.

Mlalo ndio ulionila siku tatu. Nilianza kwa kukilaza sawa kabisa, nikaazima hata pima maji ya mwashi anayejenga kwa jirani. Kikawa sawa kama meza. Nikapanda hadi Nyali na kurudi, viganja vikawa vinauma na mabega yamekakamaa. Sababu nikaiona kwenye kivuli changu ukutani: nilikuwa nateleza mbele taratibu na kujirudisha kwa mikono, kila mita mia. Kiti cha ngozi hubonyea katikati kikishabeba mtu, kwa hiyo ukikilaza sawa kikiwa kitupu, ukikikalia huwa kimeinamia mbele. Nikainua pua, kiasi cha upana wa kalamu. Mno, sasa pua ikawa inanisalimia. Nikashusha nusu ya hiyo. Hapo nikakaa nikatulia, mikono ikawa ya kushikia tu.

Mbele na nyuma hakuna nafasi kubwa. Vyuma vya viti hivi vina sehemu fupi iliyonyooka, klampu husogea kidogo tu. Mimi nimekirudisha nyuma mpaka mwisho na imetosha. Mwenye mapaja marefu kuliko yangu atapata taabu.

Kwa sasa ni kigumu kama meza ya kuuzia samaki. Lakini ganzi, hakuna. Ninaumwa mahali pawili tu, sawasawa pale katoni iliposema, na ni maumivu ya mifupa, kama ya mtu aliyehudhuria hitima ndefu kwenye jamvi.

Kilomita

Watu husema kiti cha ngozi huzoea baada ya kilomita mia kadhaa. Kwa siku napiga 14.

Kilomita 56: bado meza ya samaki. Springi zinalia kwenye kila tuta. Watoto wa Bombolulu wananiita Kitanda.

Kilomita 98: tone la mafuta ya cherehani kwenye kila springi. Kimya. Watoto wamesikitika.

Kilomita 154: nimesahau kwamba nina kiti, kuanzia nyumbani hadi Kongowea. Baadaye nikakumbuka.

Kilomita 210: nimekigusa jioni, kuna mabonde mawili madogo ambayo jicho halioni lakini kiganja chayajua.

29 Aprili

Masika yamenikuta darajani.

Si mvua, ni ndoo. Kufika ofisini kiti kilikuwa kimekunywa. Nikakianika kwenye mwale wa jua la dirishani nikashukuru. Makosa mawili kwa siku moja. La kwanza, nilikuwa nimekikalia kikiwa kimeloa kilomita 4, na ngozi iliyoloa hunyooka chini ya mtu kama unga uliozidi maji. La pili, jua. Ngozi ikaushwe kivulini, penye upepo, taratibu. Jua na moto huifanya ikakamae na kupasuka.

Jioni kilikuwa kimebonyea katikati kama jahazi, na yale masikio ya ndovu yamefunguka zaidi, yananisugua mapaja.

Jibu la kwanza la kila mtu ni kukaza nati ya pua. Fundi wangu alinishika mkono. "Pole pole. Ukivuta mno yachanika kwenye ribiti, na ikichanika hapo huna kiti, una kofia." Nikasubiri siku mbili kikauke kabisa, nikakaza robo mzunguko. Nikapanda siku moja. Robo nyingine. Nikakomea hapo.

Kuhusu mvua: zamani mtu angekivisha mfuko wa plastiki wa sokoni. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na sawa ilivyo, mifereji ya Mombasa inajua. Nimechukua mwavuli uliovunjika mbavu, nikakata kitambaa chake duara, mke wangu akakipitishia lastiki pembezoni. Sasa kiti kina kofia, ina maua ya waridi. Hukaa imekunjwa chini, ndani ya springi.

11 Mei

Siku nzuri kuliko zote za mradi huu.

Masikio yalikuwa hayajarudi, na mapaja yamechubuka. Nikakifungua kiti nikakipeleka kwa yule fundi wa makubadhi. Safari hii ilibidi nimwambie ni cha nini. Alikishika kwa mikono miwili, akakigonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Kisha akakilaza juu ya gogo lake.

Alianza kwa kubana kingo za chini kwa vidole, kulia na kushoto, zikutane. Akaziachia, akatazama zinavyorudi. Akachora kwa ukucha nukta nne kila upande, karibu na ukingo lakini si ukingoni. "Ukikaribia sana, uzi wala ngozi," akasema. Akatwaa maharazi. Hakupiga nyundo, aliyazungusha huku akisukuma kwa kiganja, na kila tundu lilipopita yalitoka na kiunyoya kidogo cha ngozi, rangi ya biskuti. Tundu nane. Chuma cha kati hakikuguswa na tundu hata moja.

Uzi aliutoa mdomoni, wa katani, akauvuta mara tatu kwenye donge la nta mpaka ukawa unalia. Akaupitisha chini ya kiti kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama kufunga kamba za kiatu, akavuta pole pole huku goti lake likikandamiza mgongo wa ngozi. Nikaziona zile kingo zikiingia ndani, milimita kwa milimita, na pale juu ngozi ikajaa tena. Akakigonga. Sauti ilikuwa imepanda.

"Umesikia? Kimewambika."

Alikataa pesa zaidi ya mia mbili. Akaniuliza kama huko Ulaya wanaweka tundu hizi. Nikamwambia ndiyo, kufunga kiti cha zamani kamba ni desturi yao pia, na baadhi ya viti vipya huja tayari vimetobolewa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia kwamba mwanafunzi wake amefaulu.

8 Juni

Kusi limeingia, nyumba zote zina unyevu. Nilikuwa na homa, baiskeli ikakaa chumbani siku tisa, na kiti kikaota koga, ya kijani kibichi, laini kama manyoya ya kifaranga. Nilishtuka bure. Kitambaa chenye maji kidogo, kufuta, kuacha penye upepo, na shahamu kidogo ya mwenye deni baada ya kukauka. Koga haipendi kiti kinachokaliwa.

Kilomita 487. Leo nimepima mabonde kwa rula: kutoka kitovu cha kimoja hadi cha kingine, milimita 130, kasoro kidogo. Katoni bado ninayo.

15 Juni

Shemeji, yule mwembamba kama ufito, ameazima baiskeli kwenda Kongowea kununua samaki. Amerudi nayo amesimama juu ya pedali, samaki wananing'inia usukanini.

"Shemeji," akasema akishuka, "kiti chako kizuri kwa macho, lakini ni jiwe. Tena kina mashimo, na si mahali pangu."

Nikamkalisha barazani juu ya katoni, ndoo chini ya miguu. Akauliza hii ni dawa ama ni mchezo. Milimita 104. Naye huinama akiendesha.

Nimempigia yule kijana wa ofisi ya chini kumwuliza kama anajua mtu anayeuza B17. Kesho baada ya kazi twapita Changamwe, na safari hii nitamwachia shemeji mwenyewe akipindue.